Mahali pa Kupumua

Mwalimu Justina alikuwa na namna yake ya kusoma, nayo ilikuwa namna ya mtu aliyechoka. Jioni, jua likiwa bado halijazama, alikaa mlangoni kwake juu ya gunia la mbegu za pamba, akafungua kitabu cha sayansi, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Kabla kidole hakijafika mwisho wa mstari, kichwa kilikuwa kimeshaangukia kifuani. Akishtuka, alikuta kidole kiko palepale. Basi alianza mstari upya. Mistari mingine aliianza upya mara nyingi mpaka akaijua sura, kama unavyomjua mtu unayepishana naye kisimani kila siku lakini jina lake hulijui.

Asije mtu akasema alikuwa mvivu. Mvivu hachoki namna ile. Aliamka kabla ya majogoo, akachota maji, akafagia, akapika uji, akatembea hadi shuleni, nje kidogo ya Dutwa. Huko alisimama mbele ya madarasa mawili yaliyounganishwa kuwa moja kwa sababu walimu walikuwa hawatoshi. Akirudi, shamba lilikuwa linamngoja, na watoto walikuwa wanamngoja, na tangu mwaka ule kitabu nacho kikawa kinamngoja.

Zamani hakuhitaji kulazimishwa kusoma. Alipokuwa binti, maktaba ya kijiji iliyoletwa na elimu ya watu wazima ilikuwa na kabati moja tu, na Justina alilimaliza kabati lile lote, mpaka kijitabu cha kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Alisoma hata gazeti lililofungiwa sukari, na habari ikikatikia kwenye pembe ya karatasi alijitungia mwisho wake mwenyewe. Sasa kile chumba cha maktaba kilikuwa kimekodishwa kwa mnunuzi wa pamba, kimejaa magunia. Kabati lilikoenda hakuna aliyejali kuuliza. Nadhani ndiyo maana kitabu cha sayansi kilimchosha kuliko jembe: alikuwa mtu aliyewahi kusoma kwa raha, halafu akaambiwa asome kwa kuogopa.

Alikuwa mwalimu wa UPE. Miaka ile nchi ilipotaka kila mtoto aingie darasani, walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kufundisha huku wanafundisha. Justina alishika chaki akiwa bado anaitwa binti. Alisomesha watoto wa watu, akasomesha na wadogo zao, na sasa alikuwa anasomesha watoto wa wale wa kwanza, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza cheti kinasemaje.

Zama za ruksa na soko huria zilipoingia, kila mtu akaanza kuulizwa cheti kinasemaje. Mwalimu mkuu wao, Mihayo, mtu mwembamba aliyependa kusoma nyaraka akiwa amesimama, aliwakusanya ofisini akawaambia kwamba walimu wa daraja la chini watafanya mtihani wa kupanda daraja. Watakaofaulu watapanda. Watakaoshindwa wataangaliwa upya.

"Kuangaliwa upya maana yake nini, mwalimu mkuu?" Justina aliuliza.

"Waraka haujafafanua," Mihayo alisema, akaukunja.

Justina hakuhitaji ufafanuzi. Mume wake, Elia, alikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika, mtu wa heshima zake, mwenye kalamu mfukoni na baiskeli yenye kengele. Wanunuzi binafsi walipokuja na magari yao na mizani yao, Elia naye aliangaliwa upya, na tangu hapo yuko nyumbani. Kile kidogo alichopewa cha kumuaga kazini alikipeleka Bariadi mjini, dukani kwa Salimu, akanunua redio kaseti. Wengine walimcheka. Justina hakumcheka, maana aliona jinsi mtu asiye na pa kwenda asubuhi anavyohitaji kitu cha kusikiliza. Lakini alijua pia kwamba mshahara wake yeye ndio uliobaki ndani ya nyumba ile, na kwamba ukiondoka huo hakuna mwingine nyuma yake. Basi alisoma. Alilala juu ya kitabu, akaamka, akasoma.

Elia alipenda dansi, magitaa yanayojibizana na sauti ya kubembeleza. Justina alisikiliza akiwa anapepeta mchele na hakuona ubaya. Ila muziki wake yeye ulikuwa mwingine, ambao Salimu hakuuuza dukani. Ulikuwa ni wimbo wa kulimia.

Walikuwa na kikundi cha wanawake, kila Jumamosi wanalima shamba la mmoja wao kwa zamu, na mwenye shamba anapika. Wanapanga mstari, bega kwa bega, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na anayeyapandisha na kuyashusha ni wimbo. Mwanzishaji anatupa maneno, wengine wanaitikia huku chuma kinaingia ardhini. Mwisho wa kila duru pana mahali pa kupumua: wote wananyoosha migongo, majembe yakiwa mabegani, wanatoa pumzi kwa sauti moja, hiii, halafu wanainama tena. Mahali hapo hapachezewi. Anayenyoosha mgongo kabla ya wenzake anavuruga mstari, na mstari ukivurugika jembe la jirani linaweza kukufikia mguuni.

Justina aliwahi kumwambia Elia kwamba ndani ya mstari ule ndipo anapopumzika. Elia akamtazama kama mtu aliyesikia kwamba ng'ombe wamepanda mti. Lakini ilikuwa kweli. Mle ndani hakuhitaji kufikiri lini ainue na lini ashushe. Wimbo ulifikiri kwa ajili yake.

Mwanzishaji wao alikuwa Minza, mjane wa makamo ambaye hakuwahi kukanyaga darasa na hakulijutia. Alikuwa na ulimi. Aliyechelewa shambani alikuta ameshaimbwa. Mnunuzi wa pamba aliyekuwa na mizani ya ajabu ajabu aliimbwa pia, mpaka akapita njia nyingine. Asubuhi moja ya Jumamosi, wakiwa kwenye palizi, Minza akasimamisha wimbo katikati.

"Mwalimu," alisema, "unalima au unatafuta sindano?"

Wanawake wakacheka. Justina alikuwa amesinzia, jembe liko mkononi, macho wazi.

"Nisamehe, mayu," Justina alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nimechoka. Kuna mtihani."

"Mtihani wa nani?"

"Wangu."

Kicheko kikakatika. Wengi wao walikuwa na watoto waliofundishwa na Justina, na jambo la mwalimu kutahiniwa lilikuwa jipya kwao. Minza akaegemea mpini.

"Na kinachokushinda ni nini humo?"

"Moyo," Justina alisema. "Damu inavyopita kwenye moyo. Nausoma ukurasa ule kila siku na hauingii."

"Utaingiaje na wewe unausoma umekaa? Hebu tuambie hapa."

Justina akawaeleza. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Damu inatoka mwilini imechoka, inaingia chumba cha juu kulia, inashuka cha chini kulia, inakwenda mapafuni kupata hewa. Ikishapata hewa inarudi chumba cha juu kushoto, inashuka cha chini kushoto, inasambaa mwili mzima. Minza alimfanya arudie, akawa anatikisa kichwa kidogo kidogo. Halafu akageuka, akainua jembe, akaanza:

*Damu imekuja imechoka, inapiga hodi juu kulia,*
*inashuka chini kulia, inavuka juu kushoto,*
*inashuka chini kushoto, inazunguka mwili mzima,*
*inafika mapafuni.*

Hiii.

Ulikaa vizuri ajabu. Duru ya pili wote walikuwa wameshaushika. Duru ya tatu Justina aliona vyumba vile vinne mbele yake katika udongo, kila pigo la jembe na chumba chake. Lakini alikuwa mwalimu, na kosa aliliona.

"Mayu, mapafu yanakaa katikati. Kabla damu haijaenda kushoto."

"Mapafu ni ya kufanyia nini, mwalimu?"

"Kupumua."

"Basi yakae tunapopumua. Ukiyaweka katikati, watu watapumua wapi? Unataka tukatane miguu?"

Wanawake wakaangua kicheko, na Justina naye akacheka, na huo ndio ulikuwa msiba wake. Alijiambia ni jambo dogo. Alijiambia yeye anajua mapafu yanakaa wapi. Wimbo utambebea vyumba, mapafu atayabeba mwenyewe. Mtu aliyechoka akipata wa kumpokea mzigo hakagui unavyowekwa kichwani.

Msimu wote waliuimba. Waliuimba shamba la Minza na shamba la Justina na mashamba ya wengine wote. Kitabu kikapata nafuu: Justina aliuruka ukurasa wa moyo, maana ulikuwa umeingia, akashughulika na mengine.

Mtihani ulifanyika Bariadi mjini, katika shule ya sekondari, wakati pamba imeanza kupasuka. Walikaa kwenye madawati ya watoto, watu wazima wenye magoti makubwa, wengine wenye mvi, wakijifuta mikono kwenye sketi na suruali. Karatasi ya sayansi ilipogeuzwa, swali kubwa kuliko yote lilikuwa la moyo. *Eleza kwa mpangilio safari ya damu.* Justina alitaka kucheka. Roho ilimtulia. Alishika kalamu na wimbo ukaja wenyewe, na mkono ukaufuata, pigo kwa pigo: juu kulia, chini kulia, juu kushoto, chini kushoto, mwili mzima, mapafuni. Aliandika bila kusita. Alipofika mwisho alinyoosha mgongo akashusha pumzi, na msimamizi akamwangalia.

Alikumbuka akiwa nje, karibu na bomba la maji. Hakukumbuka kwa kufikiri. Alifungua kitabu tu, kama mtu anavyofungua chungu alichokwisha kukimaliza, akaona mapafu yamekaa katikati ya ukurasa mahali yalipokuwa siku zote. Aliketi kwenye ngazi. Wenzake walikuwa wanalinganisha majibu. Hakujiunga nao.

Matokeo yalipokuja, alikuwa amefaulu yote isipokuwa sayansi. Mwalimu Mihayo alimwambia ataruhusiwa kurudia mwaka unaofuata, mara moja. Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliomtisha Justina.

Minza alimkuta njiani, ametoka mnadani, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwalimu. Mhola?"

"Mhola duhu, mayu."

"Nimesikia. Pole sana. Lakini niambie ukweli, ule wimbo ulikusaidia?"

Alikuwa amesimama na kuku mkononi, uso wake uko wazi kabisa, na Justina aliona kwamba mama huyu, aliyewaimba watu wa kila namna bila woga, safari hii alikuwa anaogopa jibu.

"Ulinisaidia sana," alisema. "Nilichoka tu, mayu. Wimbo haukuwa na kosa."

"Wabeja," Minza alishukuru, akatabasamu, akaendelea na safari yake akiwa mrefu kidogo kuliko alivyokuja.

Ulikuwa uongo wa huruma, na mimi siwezi kumlaumu. Ila uongo ule ulikuwa na miguu. Minza akautangaza wimbo wake kuwa ni wimbo wa elimu. Binti yake aliyeolewa upande wa Lagangabilili akaupeleka huko, na vikundi vingine vikaulimia. Wanawake ambao hawakujua kuandika majina yao sasa walijua moyo una vyumba vinne. Kila mahali mapafu yalikuwa mwishoni.

Na Justina akabaki na kazi ambayo hakuna anayefundishwa chuoni, kazi ya kuusahau wimbo anaoupenda. Kusoma hakukutosha. Alisoma ukurasa ule mpaka macho yakamuuma, lakini alipofunga kitabu Minza alianza kuimba ndani ya kichwa chake, na Minza hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Mwisho alibuni dawa yake. Kila wimbo ulipokuja, aliuacha uimbe hadi chini kulia, halafu anausimamisha kwa nguvu. Ananyoosha mgongo, anavuta hewa, anasema *mapafu*, anaitoa. Ndipo anaendelea kushoto. Alifanya hivyo akichota maji. Alifanya hivyo njiani kwenda shule, na waliomkuta walimwona mwalimu anasimama ghafla barabarani, anapumua kama amekimbizwa, kisha anaondoka. Watoto walianza kumwiga. Hakuwakataza; hakuwa na nguvu ya kuwakataza.

Shambani hakuweza kwenda. Alijua Jumamosi moja ndani ya mstari ingebomoa wiki nzima ya kujifundisha. Basi alitoa udhuru wa masomo, na ili zamu ya shamba lao isipotee akamtuma Elia akalime mahali pake. Wanawake walimcheka Elia mpaka wakachoka, na yeye akajikaza. Mtu aliyekuwa anapima pamba za watu kwa kalamu alijifunza kuinua jembe kwa wimbo wa mjane. Kisha jambo ambalo Justina hakulitarajia likatokea: Elia alilipenda. Alianza kurudi Jumamosi akiwa mchangamfu, ana udongo hadi magotini, anaimba.

*Inavuka juu kushoto, inashuka chini kushoto...*

"Elia, tafadhali," Justina alisema akiwa juu ya gunia lake, kitabu mapajani. "Imba kingine."

"Kipi?"

"Chochote. Washa redio."

"Betri zimekwisha."

Alikaa akitazama ukurasa mpaka mume wake alipokwenda kuoga. Alimchukia kidogo, kisha akajichukia yeye kwa kumchukia. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata hasira haikukaa, ilipita tu.

Mwaka wa pili swali la moyo lilirudi likiwa limevaa maneno mengine. Mkono ulitaka kwenda wenyewe. Justina aliushika. Akafika chini kulia, akasimama, akanyoosha mgongo pale kwenye dawati la watoto, akavuta hewa, akaandika *mapafuni*. Ndani ya kichwa chake hakusikia mtu. Palikuwa kimya, naye akaandika hadi mwisho katika ukimya ule.

Akafaulu. Mwalimu Mihayo alisoma jina lake amesimama, na walimu wakapiga makofi. Elia alichinja jogoo. Wazazi walikuja kumpa mkono, na Minza alikuja mbele ya wote, amevaa kitenge chake kizuri, akasema mbele za watu kwamba mwalimu wao sasa amepanda, na kwamba mvua zikianza atafungua kilimo kwenye shamba lake, Minza, maana heshima ya wimbo inarudi ulikotoka. Justina alifurahi kweli. Kazi ilikuwa imepona, mshahara umepona, na alikuwa na hamu ya mstari ule kuliko ya nyama ya jogoo. Mwaka mzima alikuwa amejinyima raha moja tu aliyokuwa nayo, na sasa ilikuwa halali yake tena.

Mvua zikanyesha. Asubuhi ya Jumamosi alishika jembe, wakamwachia nafasi katikati, karibu na Minza. Elia alikuwa amekuja kubeba vyombo vya chakula, akasimama pembeni. Minza akainua.

*Damu imekuja imechoka, inapiga hodi juu kulia, inashuka chini kulia...*

Mgongo wa Justina ukanyooka. Wenzake wote walikuwa wameinama, yeye peke yake amesimama, kifua kimejaa hewa. Akainama haraka kuwafuata, akakuta majembe yanapanda. Lake likashuka.

"Samahani," alisema. "Tuanze tena."

Wakaanza tena. Safari hii aliukaza mgongo kwa makusudi, akahesabu, akafikiri lini ainue na lini ashushe, na huko kufikiri kwenyewe kukamchelewesha. Jembe lake lilitua kando ya mguu wa Minza, karibu sana, likachana upindo wa kanga.

Wimbo ukafa. Minza aliangalia kanga, akaangalia mguu, halafu akamwangalia Justina, bila hasira.

"Mbona unapumua katikati, mwalimu?"

Hapakuwa na pa kujificha tena. "Ndipo mapafu yalipo, mayu. Yako katikati. Mwaka ule nilifeli kwa sababu niliyaweka mwishoni."

Wanawake walitazamana. Minza aliyajaribu maneno mdomoni bila sauti. Kisha akawaambia waingie kwenye mstari, akauimba upya, mapafu yakiwa katikati. Wakajaribu. Nusu yao walinyooka, nusu wakainama, mama mmoja akajigonga goti. Wakajaribu tena, ikawa vilevile. Minza akashusha jembe.

"Ungetuambia palepale," alisema polepole, "tungeugeuza ukiwa bado mdomoni. Sasa umeshaingia mikononi."

"Najua," Justina alisema.

"Nenda kakae kidogo, utatuumiza. Elia, njoo ushike."

Elia alimtazama mke wake kama anayeomba ruhusa. Justina akampa jembe. Aliketi ukingoni mwa shamba, kwenye vyombo vya chakula, pale wanapokaa wajawazito na waliozeeka, akajisikia vibaya kama mtu aliyefukuzwa nyumbani kwao. Mbele yake Elia aliingia katika nafasi yake, akatanua miguu, na wimbo ulipoanza jembe lake likapanda na ya wengine bila kukosea.

Walikwenda hivyo, kulia, kushoto, mwili mzima, wakafika mapafuni, wote wakanyoosha migongo na kupumua kwa sauti moja. Justina alikuwa ameshapumua kabla yao, peke yake.